Kabla nyota haijatimiza arobaini

Mwezi wa Januari, saa tatu usiku hivi, tafuta mahali pasipo na taa nyingi, geukia kaskazini, kisha inua kichwa. Utaona kishada cha nyota ndogo zilizosongamana kama watoto waliojikunyata shuka moja. Hicho ndicho Kilimia, ambacho wazee wa mwambao walikisoma kama kalenda ya shamba: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mashariki yake inakuja nyota moja kubwa, nyekundu kama kaa linaloelekea kufa. Waarabu waliiita Dabarani, yaani mfuasi, kwa sababu kila usiku inakwenda nyuma ya Kilimia na haijawahi kukifikia. Sasa nyoosha mkono mbele yako, funga jicho moja, uweke kidole gumba karibu na Dabarani. Umbali wa upana wa kidole hicho, upande wa kaskazini, ipo nyota ambayo hutaiona hata ukikesha. Imefunikwa na vumbi lake yenyewe.

Wanaastronomia wanaiita HL Tauri. Iko umbali wa miaka ya nuru 450 hivi, yaani nuru yake husafiri miaka 450 kutufikia, takriban sawa na Kilimia chenyewe, na umri wake hauzidi miaka milioni moja.

Miaka milioni moja inasikika kama umri mkubwa. Basi tupunguze kipimo. Jua letu lina miaka bilioni 4.6, tulichukulie kuwa ni mtu mzima wa miaka 46, mwenye mvi za kwanza na mkopo wa nyumba. Kwa kipimo hicho, miaka milioni moja ni siku tatu na nusu hivi. Kilimia, chenye umri wa miaka milioni 100 hivi, ni mtoto anayefikisha mwaka. HL Tauri amezaliwa juzi, hata kitovu hakijadondoka.

Kwetu mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini. Nyota nayo, kama tutakavyoona, ina arobaini yake, na mambo mengi mazito huamuliwa humo ndani kabla ya kutoka nje. Kinachowashangaza wataalamu ni jinsi yanavyoamuliwa mapema.

Novemba 2014 ilitolewa picha ya HL Tauri iliyopigwa na ALMA, mtambo wa antena 66 uliojengwa kwenye uwanda wa Chajnantor, jangwa la Atacama, nchini Chile. Pale ni mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, kimo cha Lenana kwenye Mlima Kenya. Antena zilitawanywa hadi kilomita 15 kutoka moja hadi nyingine, na ishara zao zikaunganishwa ili zifanye kazi kama darubini moja kubwa mno. Hazikupokea mwanga wa kawaida. Zilipokea mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita moja hivi, ambayo hupenya vumbi la nje.

Picha yenyewe ni sahani ya rangi ya machungwa iliyoinama kidogo upande. Katikati kuna nuru kali, na kuizunguka kuna pete, kisha mfereji wa giza, kisha pete nyingine, mfereji mwingine, hadi ukingoni. Ni kama santuri ya zamani. Wapo walioitazama mara ya kwanza wakadhani ni mchoro wa kompyuta.

Kabla ya kwenda mbali, tuisome vizuri picha hiyo, maana imeeleweka vibaya na wengi. Ile rangi ya machungwa imechaguliwa na watu. Mawimbi ya redio hayana rangi. Kinachong'aa ni vumbi, hasa chembe zenye ukubwa wa mchanga. Gesi haionekani pale, ingawa kwa kawaida ndiyo karibu asilimia 99 ya uzito wote wa diski kama hiyo, na vumbi ni hiyo asilimia moja inayobaki. Na kwenye ile mifereji ya giza, usiseme umeziona sayari. Umeona mahali ambapo vumbi limepungua. Nani amelifagia, hilo ni swali jingine.

Kuhusu ukubwa, chukua umbali wa kutoka Duniani hadi kwenye Jua, yaani kilomita milioni 150, uuite hatua moja. Neptuni, sayari yetu ya mwisho, iko hatua 30 kutoka kwenye Jua. Diski ya HL Tauri inavuka hatua 100 kila upande, na mfereji wake wa kwanza uko kwenye hatua 13 hivi.

Diski yenyewe inatoka wapi? Nyota huzaliwa pale kipande cha wingu la gesi na vumbi kinapozidiwa na uzito wake na kuanza kuporomoka kuelekea katikati. Wingu hilo huwa linazunguka, japo polepole sana. Likinywea, mzunguko unashika kasi. Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako, kaa kwenye kiti cha ofisini kile kinachozunguka, shika chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono, nyoosha mikono, mwambie mwenzako akusukume kidogo. Kisha vuta chupa zote mbili kifuani. Utazunguka kwa kasi ambayo hukuitarajia. (Jaribu bosi akiwa mkutanoni.)

Hapo ndipo wingu linapobapuka. Gesi inayoanguka kutoka juu hugongana na gesi inayopanda kutoka chini, na mwendo wa juu-chini unafutana. Mwendo wa kuzunguka haufutiki, kwa sababu wote wanaelekea upande mmoja. Kinachobaki ni nyota katikati na diski pana, nyembamba, inayozunguka. Immanuel Kant alilikisia jambo hili mwaka 1755, Laplace akalirudia kwa namna yake mwaka 1796, wote wawili bila kuiona diski hata moja. Walichokuwa nacho ni dalili tu: sayari zetu zote zinazunguka Jua upande uleule, na karibu zote katika bapa moja. Ndiyo maana usiku unaziona Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zikipita njia ileile ya buruji, wala hata moja haipotei kwenda kwenye ncha za mbingu.

Kutoka diski hadi sayari, vitabu vya zamani vilieleza kwa wepesi: vumbi linagandana, linakuwa kokoto, kokoto jiwe, jiwe mlima, mlima sayari. Mwanzo wa hadithi hiyo ni kweli. Fagia uvungu wa kitanda ambao haujafagiwa miezi miwili, utakuta vifundo laini vya vumbi na nywele ambavyo hakuna aliyevifunga. Chembe za diski hugandana vivyo hivyo, na kufika ukubwa wa punje ya mchanga au kokoto si kazi.

Shida inaanza kwenye jiwe la ukubwa wa meza.

Gesi ya diski inasukumwa nje kidogo na mgandamizo wake yenyewe, kwa hiyo inazunguka nyota kwa kasi ndogo kidogo kuliko jiwe. Jiwe likawa kama mwendesha baiskeli anayekwenda dhidi ya kusi: upepo wa mbele haumpumzishi. Vumbi laini halijali, linabebwa na upepo wenyewe. Mlima nao haujali, ni mzito. Lakini jiwe la mita moja linapoteza kasi, na likipoteza kasi linajivuta ndani kuelekea kwenye nyota. Katika umbali kama wa Dunia kutoka kwenye Jua, hesabu inasema litamezwa kwa muda wa miaka mia hivi. Si miaka milioni, ni mia! Zaidi ya hapo, mawe ya ukubwa huo yakigongana hayagandani. Yanavunjika, au yanadunda na kila moja kwenda zake. Hesabu hizi zilijulikana tangu miaka ya 1970, na kwa muda mrefu zilikuwa kama mfupa kooni: kila aliyetaka kujenga sayari kwenye karatasi alikwama kwenye jiwe la mita moja, halafu akaruka mstari na kuendelea kana kwamba hakuna kitu.

Njia ya kutokea inafanana sana na barabara zetu. Magari yakija kwa kasi mbalimbali, ukiweka tuta moja barabarani, baada ya dakika kumi una foleni. Ndani ya diski, mahali popote ambapo mgandamizo wa gesi umepanda kidogo huwa tuta la namna hiyo. Kokoto zinazojivuta kwenda ndani hukwama pale. Zikishajaa, zenyewe zinaanza kuisukuma gesi iende nazo, upepo wa mbele unapungua, na zinazokuja nyuma zinazikuta na kujiunga. Foleni inavuta foleni. Mwaka 2005 Andrew Youdin na Jeremy Goodman walionyesha kwa hisabati kwamba mkusanyiko huu hujiendesha wenyewe, na kompyuta za miaka iliyofuata zikaonyesha kinachotokea mwishowe: wingu la kokoto linakuwa zito kiasi cha kujiporomokea kwa mvutano wake, na kutoka kokoto unapata moja kwa moja jabali la makumi au mamia ya kilomita. Ukubwa wa meza umerukwa, na safari hii ni kwa haki.

Mimi binafsi nilikuwa nikiiona nadharia hii kama ujanja wa watu wa kompyuta mpaka niliposoma habari za Arrokoth. Januari mosi 2019 chombo cha New Horizons kilipita karibu na jabali hilo, mbali kuliko Pluto. Lina urefu wa kilomita 35 hivi, na limeundwa na mafurushi mawili yaliyoshikana shingoni kama karanga ndani ya ganda lake. Pale yaliposhikana hakuna ufa mkubwa wala sehemu iliyobondeka. Yaligusana kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mawe yanayorushiana kwa kasi kutoka pande tofauti za diski hayawezi kukutana kwa upole huo. Mawe yaliyozaliwa ndani ya wingu moja la kokoto yanaweza. Tangu siku zile Arrokoth halijapata wa kulisumbua, na limebaki kama lilivyozaliwa.

Jabali likishapatikana, kukua kunakuwa rahisi zaidi. Linavuta kokoto zinazopita karibu, na gesi ileile iliyoyatesa mawe sasa inalisaidia, kwa sababu inazipunguzia kokoto kasi ili ziangukie kwake badala ya kupitiliza. Likifikia uzito wa Dunia kumi hivi, linaanza kuvuta gesi yenyewe, kwanza taratibu, kisha kwa pupa. Hapo ndipo sayari kubwa kama Mshtarii inapopatikana.

Lakini gesi haisubiri. Nyota inaila, mnururisho wake unaipeperusha, na kwa nyota nyingi diski imekwisha ndani ya miaka milioni tatu hadi kumi. Rudi kwenye kipimo chetu: siku kumi na moja hadi siku thelathini na sita. Kabla ya arobaini, milango imefunguliwa na gesi imetoka. Sayari ambayo haijajaza tumbo mpaka hapo itabaki na mwamba na hewa kiduchu, kama sisi.

Ndiyo sababu HL Tauri ilizua kelele. Ikiwa ile mifereji imechimbwa na sayari, basi sayari zenye uzito wa kutosha kulifagia vumbi zilikuwepo wakati mtoto ana siku tatu. Vitabu vilikuwa vimewapa wiki kadhaa. Wapo waliokataa, na hoja zao si za kupuuzwa. Kila gesi ina umbali wake wa kuganda kuwa barafu: maji karibu na nyota, amonia mbali kidogo, kaboni monoksidi mbali zaidi. Kwenye mipaka hiyo chembe hubadilika ukubwa na mshikamano, na huenda pete zikatokea bila sayari yoyote. Nguvu za sumaku ndani ya gesi nazo zinaweza kupanga pete. Na mpaka leo hakuna sayari hata moja iliyothibitishwa kuonekana ndani ya HL Tauri. Mwaka 2018 zilitolewa picha za diski 20 zilizopigwa na ALMA kwa ukali kama ule; pete zilikuwa karibu kila mahali. Kwa hiyo pete si kioja, lakini bado hazijasema nani kazichora.

Ushahidi wa kumkamata mhusika mkononi ulitoka kwenye nyota nyingine, PDS 70, katika kundinyota la Kantarusi, umbali wa miaka ya nuru 370 hivi. Herufi zake zimetokana na Pico dos Dias, kituo cha uangalizi nchini Brazil. Ni nyota ndogo kuliko Jua, yenye umri wa miaka milioni tano na ushee. Mtoto wa siku kumi na tisa au ishirini. Diski yake ina pengo kubwa mno katikati, si mfereji tena bali bonde zima.

Mwaka 2018 timu ya Miriam Keppler, wa Taasisi ya Max Planck ya Astronomia huko Heidelberg, ilitumia kifaa cha SPHERE kwenye darubini kubwa ya Paranal, Chile. Kifaa hicho huiziba nyota, kama unavyoziba balbu kwa kiganja ili uone aliyesimama nyuma yake. Ndani ya pengo palikuwa na nukta inayong'aa, hatua 22 hivi kutoka kwenye nyota: sayari, ikipewa jina PDS 70 b. Mwaka mmoja baadaye ikaonekana ya pili, c, kwenye hatua 34 hivi. Zote mbili zinatoa mwanga mwekundu wa hidrojeni, ule unaotoka gesi inapoangukia kitu kwa kasi na kupata moto. Yaani zilikutwa zinakula.

Mwaka 2021 timu ya Myriam Benisty, kwa kutumia ALMA, ilithibitisha kwamba c ina diski yake yenyewe, diski ndogo ndani ya diski kubwa, yenye upana unaokaribia umbali wa Dunia hadi Jua. Vumbi lililomo linatosha kutengeneza miezi hadi mitatu ya ukubwa wa Mwezi wetu. Nyota inazaa sayari, na sayari nayo tayari ina mimba.

Kwa hiyo mtoto wa siku ishirini ana sayari kubwa mbili zinazojaza matumbo. Je, mtoto wa siku tatu? Jibu bora nililokutana nalo halikutoka kwenye darubini. Limetoka kwenye chuma.

Mbozi, mkoani Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, kimelala kimondo cha urefu wa mita tatu hivi na uzito unaopita tani kumi. Ni chuma karibu chote, na nikeli kidogo. Vimondo vingi vya chuma ni mabaki ya viini vya majabali ya kale yaliyoyeyuka. Na jabali dogo, lenye upana wa kilomita mia, huyeyushwa na nini? Halina uzito wa kujipasha moto kama Dunia. Moto wake ulitoka kwenye aluminiamu 26, aina ya aluminiamu yenye mnururisho, iliyokuwemo kwenye diski ya Jua tangu mwanzo. Lakini aluminiamu hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 700,000 hivi. Baada ya miaka milioni tatu au nne imebaki vumbi la kitu kilichokuwa. Jabali lililochelewa kuzaliwa lilikuta jiko limezima, likabaki bichi. Lililoyeyuka hadi chuma kikazama kiini chake, lilikuwa zima na kubwa katika siku zile tatu nne za kwanza za Jua.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, na maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani walikwenda mbele zaidi. Walipima metali mbili, molibdeni na tungsteni, ndani ya vimondo, hasa vya chuma, wakaona vinagawanyika kuwa koo mbili ambazo zilikua wakati mmoja bila kuchanganyika. Kitu fulani kilisimama katikati yao kama ukuta, kikizuia kokoto za nje zisiingie ndani. Walichokitaja ni Mshtarii, ambaye kwa hesabu zao kiini chake kilikuwa kimefikia uzito wa Dunia 20 kabla ya miaka milioni moja kutimia. Ukuta wa namna hiyo, ukitazamwa kutoka mbali na mtu mwenye antena za kutosha, ungeonekana kama mfereji wa giza kwenye diski ya mtoto wa siku tatu.

Sisemi kwamba kesi ya HL Tauri imefungwa. Baadhi ya mifereji yake inaweza kabisa kuwa kazi ya barafu. Ila ile hoja kubwa ya wapingaji, kwamba ni mapema mno, imepoteza nguvu, maana kwetu nyumbani ilikuwa mapema vilevile.

Dunia yenyewe haikuwa na haraka hiyo. Iliendelea kugongwa na kujengwa kwa makumi ya mamilioni ya miaka baada ya gesi kuondoka, na mgongano mkubwa uliotupatia Mwezi ulitokea wakati mtoto ameshaanza kukaa, pengine kutambaa.

Februari 2024 HL Tauri ilirudi tena kwenye habari. Timu ya Stefano Facchini wa Chuo Kikuu cha Milano ilipata mvuke wa maji katika sehemu ya ndani ya diski yake, kiasi kisichopungua mara tatu ya maji ya bahari zote za Dunia, na sehemu ya maji hayo iko palepale kwenye mojawapo ya mifereji ya giza. Kuyaona kulikuwa kugumu kwa sababu moja ya ajabu: mvuke wa maji uliomo kwenye hewa yetu hufyonza na kuficha ishara zilezile zinazotoka kwenye maji ya mbali. Ukiwa Tanga au Mombasa, penye unyevu wa kufanya chumvi igande kwenye kopo, hutasikia kitu. Ilibidi kupanda mita 5,000 juu ya jangwa kavu kuliko karibu majangwa yote duniani, ili maji ya kule yaonekane bila ya kwetu kusimama njiani.